Nyumba Isiyo na Kisima

Daktari alipotoka chumbani kwa Alois Krawietz alifuta miwani yake kwa muda mrefu kuliko uchafu wake ulivyohitaji, na Ottilie akajua. Alikuwa mke wa Alois kwa miaka thelathini na moja. Vita vilipokwisha alikuwa amefukuzwa kwao Silesia, mashariki, pamoja na kijiji kizima, akalala miaka mitano katika darasa la shule na familia nyingine tatu, pazia kwa pazia. Mwanamke wa namna hiyo hadanganyiki kwa miwani.

"Moyo umechoka, Mama Krawietz," daktari akasema. "Maji yamejaa miguuni na yanapanda. Mpe matone haya mara tatu kwa siku. Asinyanyue kitu, asipande ngazi."

"Atafika Pasaka?"

Daktari aliitazama kalenda ya chama cha maziwa iliyokuwa ukutani, halafu akaitazama kofia yake. Ilikuwa Februari ya mwaka hamsini na nane. Akavaa kofia, akaaga.

Alois alikuwa amesikia kila neno, maana zile nyumba walizojengewa wakimbizi zilikuwa na kuta nyembamba kama biskuti. Ottilie alimkuta amekaa kitako, mito mitatu mgongoni, anamtazama kwa utulivu uliomuudhi.

"Tilla," akasema, "nitabebwa na nani?"

"Nani amezungumza habari za kubebwa?"

"Mimi. Nauliza tu."

Kwao Silesia Alois alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni, mtu wa mabega mapana, na tangu akiwa na miaka kumi na tisa hapakutoka jeneza kijijini bila yeye kushika pembe moja. Alikuwa amebeba watu ishirini na watatu. Aliwakumbuka wote kwa majina, na baadhi yao kwa uzito. Kufa hakukuogopa, au kama alikuogopa hakusema. Alichokiogopa ni gari jeusi la mjini na wale wanaume wanne wa kukodiwa, wenye glavu nyeupe, wanaotazama saa.

"Niliwaona pale hospitali," akasema. "Wanambeba mtu kama kabati. Mimi nataka nitoke mlangoni kwangu kwa mikono ya watu wanaonijua."

"Utatoka hivyo," Ottilie akasema.

Aliahidi haraka, kama watu wanavyoahidi kitu wasichokuwa nacho. Halafu akaenda jikoni, akashika ukingo wa beseni kwa mikono miwili, kwa sababu alijua vizuri sana kwamba hapo Lüttenbrock, kijiji cha Ujerumani magharibi walikopewa makazi, hawakuwa na mtu.

Si kwamba hakujaribu. Serikali ilipowapa ile nyumba ndogo na eka mbili, mwaka hamsini na moja, Ottilie alifanya kama mama yake alivyomfundisha. Kwao, mgeni akihamia, majirani humletea mkate na chumvi. Kazi ya mgeni ni kufagia na kungoja. Basi akafagia. Jumapili ya kwanza alitandika kitambaa, akapanga vikombe, akasaga kahawa halisi aliyoinunua kwa kujinyima, akakaa. Hakuja mtu. Jumapili ya pili akatandika tena. Ya tatu alikikunja kile kitambaa akakitia kabatini, na moyo wake akaukunja vivyo hivyo. Ng'ambo ya barabara, hatua themanini tu, palikuwa na shamba la akina Tenhagen, nyumba ndefu ya matofali mekundu yenye mwaloni mbele yake. "Wanatuona takataka," alimwambia Alois. "Basi na wakae na mkate wao." Kuanzia siku hiyo salamu zilivuka barabara, watu hawakuvuka.

Aliyekuja kuuvunja ukimya huo alikuja kwa pikipiki. Sista Notburga, mtawa muuguzi wa parokia, alikuwa na miaka sitini na mwendo uliowafanya kuku wa kijiji kizima wamjue. Alikuja kumfunga Alois bandeji miguuni. Siku ya tatu alimtazama Ottilie usoni, asipende alichokiona.

"Wewe utaanguka kabla yake," akasema. "Jirani wenu wa kwanza ni nani, nimwambie aje akupokee?"

"Jirani wa kwanza?"

"Ndiyo. Kila nyumba inaye."

"Sisi hatuna wa kwanza wala wa mwisho, Sista. Hapa hakuna aliyetutaka."

Sista akaacha kukunja bandeji. "Kwani mlikwenda kuomba?"

"Kuomba nini?"

"Ujirani, mama. Mlikwenda mkaomba ujirani?"

Ottilie akatikisa kichwa. Sista akajipiga paja.

"Miaka saba," akasema. "Hawa watu wanawangojeni miaka saba. Hapa anayeomba ni mgeni. Kumwendea mtu kabla hajaomba ni kumtukana, ni kumwambia hawezi kusimama kwa miguu yake."

"Na hakuna hata mmoja aliyeweza kutuambia?"

"Akuambie nani? Hawa wanadhani Mungu aliiumba desturi hiyo mara tu baada ya ng'ombe. Wanadhani hata Uchina watu huomba hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilikaa hapa miaka minne kabla ya kujua, na mimi ni mtawa, kila kitu huambiwa."

Ottilie akakaa kwenye sanduku la kuni. Hasira ilimjia, na nyuma ya hasira aibu, na hakujua aanze na ipi.

"Sasa niende leo? Mume wangu yuko kitandani, ndio nikumbuke kwamba nina majirani? Watasema nimekuja kutafuta wachukuzi."

"Watakuwa wamesema kweli," Sista akasema huku akifunga mkoba wake. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na magoti yako bado mazima, nayaona kanisani."

Tusimcheke Ottilie. Aliyenyang'anywa vyote hushikilia kiburi, kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho askari hawakuona haja ya kukichukua. Alikaa na jambo lile siku mbili, akipika, akiosha, akimgeuza Alois. Siku ya tatu Alois aliuliza, macho yakiwa yamefumbwa, kama wale wa glavu huja na jeneza lao au mtu hununua lake. Ottilie alivua aproni, akavaa koti la kanisani, akavuka barabara.

Hakujua agonge wapi. Mlango mkubwa wa mbele kwa akina Tenhagen hufunguliwa kwa bibi arusi na kwa jeneza tu, na yeye akagonga huo huo, na ndani wote wakashtuka. Adelheid, mke wa nyumba ile, alichungulia dirishani akiwa na unga hadi viwikoni.

"Pitia jikoni, Mama Krawietz. Huo haujafunguliwa tangu nilipoolewa, hata ufunguo sijui uko wapi."

Jikoni alimkuta Klemens Tenhagen na gazeti lake, miguu yenye soksi imeelekezwa kwenye jiko. Karibu na dirisha alikaa mama yake Klemens, Bibi Tenhagen, mwenye miaka themanini na nane, akimenya viazi kwa ganda jembamba kuliko karatasi. Ottilie alikuwa amejitungia hotuba njiani. Hotuba ikampotea.

"Nimekuja kuomba ujirani," akasema akiwa bado wima. "Mume wangu anakufa. Najua nimechelewa, na najua mtajiuliza kwa nini nimekuja leo. Sikujua. Kwetu majirani ndio huja, na mkate na chumvi. Niliwangojeni."

Kisu cha Bibi kikasimama.

"Ulitungoja sisi?" Adelheid akauliza.

"Jumapili mbili. Nilisaga kahawa."

"Mungu wangu. Klemens, unasikia? Huyu bwana, Mama Krawietz, alivaa shati la kola Jumapili tatu mfululizo. Akakaa hapo hapo unapomwona. Kila akisikia hatua barabarani, 'Haya, hao wanakuja.' Nikapika keki ya siagi. Tukaila wenyewe."

"Mara tatu," Klemens akasema.

"Tukasema, hawa bila shaka walikuwa na mashamba makubwa huko kwao. Wanatuona washamba."

"Tulikuwa na mbuzi wawili," Ottilie akasema.

Bibi Tenhagen akaanza kucheka. Alicheka mpaka beseni la viazi likatetemeka mapajani. Adelheid hakucheka. Alikuwa ameugeukia unga wake, na shingo yake ilikuwa imeiva.

"Nilikuona ukichimba viazi peke yako mvuani," akasema. "Mwaka ule Bwana Krawietz alipoumia mgongo. Nilikuona, nikafunga pazia. Nikajiambia, kama anataka msaada mdomo anao."

"Acha kulilia unga, utaharibu mkate," Bibi akasema. "Na wewe, mama, kaa, unanichosha shingo. Kosa si lako wala si letu. Kosa ni la bomba."

"Bomba gani, Bibi?"

"La maji. Zamani nyumba sita za hapa zilichota kisima kimoja, pale penye mwaloni. Aliyechota alisafisha kisima kila masika, na aliyesafisha kisima alizika na kuzikwa. Hapakuwa na kuulizana. Mwaka wa homa, enzi za bibi yake bibi yangu, walikufa watu kumi na wawili hapa kwa majuma matatu, na kila mmoja alitoka na watu wake sita. Wafaransa walipokuja, hivyo hivyo. Mwaka arobaini na tano wanaume hawakuwepo, tukabeba sisi wanawake, na viatu vya mbao miguuni, ndege za vita zikipita juu. Nilikuwa na miaka sabini na tano. Nilishika mbele." Akachukua kiazi kingine. "Kisima kimefukiwa siku nyingi, lakini watu ni wale wale. Nyinyi mkajengewa nyumba na bomba lake ndani. Nyumba isiyo na kisima, nani atajua ni ya nani? Ndiyo maana lazima iombe."

"Sasa nimeomba."

"Umeomba, lakini hujaomba sawasawa," Klemens akasema kwa upole, akikunja gazeti. "Anayeomba ni mwenye nyumba, kwa mdomo wake, mbele ya nyumba zote sita, glasi mkononi. Na wote sita wakubali. Hata Wissing."

"Hata Wissing," Adelheid akasema, akapumua.

Walikuja Jumapili baada ya misa, waume na wake, wakajibana chumbani kwa Alois, kofia mikononi. Wake watatu walikosa nafasi wakabaki nje ya mlango, wakisikiliza na kupashana habari. Ottilie alikuwa amemfunga Alois tai juu ya shati la kulalia. Bibi Tenhagen alivuka barabara kwa fimbo yake, akapewa kiti pekee kilichokuwepo. Sista Notburga alisimama kichwani pa kitanda na chupa ya konyagi ya ngano, akampimia mgonjwa tone moja kwa uangalifu uleule aliopimia dawa.

Alois akainua glasi.

"Mimi Alois Krawietz na mke wangu Ottilie tunaomba ujirani wenu, kwenye furaha na kwenye msiba."

Klemens alikwisha kufungua mdomo aseme ndiyo, Wissing akamtangulia. Hubert Wissing alikuwa mrefu kupita wote chumbani, mtu ambaye aliwahi kuupima mfereji wa mpaka kwa kamba mara mbili katika juma moja, asije akaibiwa unyayo.

"Mimi nasema wazi," akasema. "Ujirani ni mabega. Krawietz hajambeba mtu wetu hata mmoja, na daktari anasema hatabeba. Baba yangu alipokufa mwaka juzi tulikuwa watano, kwa sababu nyumba yenye msiba haibebi. Tukamwazima mpiga kengele wa kanisa ili watimie sita. Na nyumba hii ilikuwa na mwanamume mzima ndani yake. Leo yeye anataka sita. Nauliza tu."

Ottilie aliutafuta ufagio kwa macho. Alikuwa tayari kumtoa mtu yule kwa ufagio mpaka barabarani, na ujirani uende zake. Kilichomzuia ni Alois, aliyekuwa akitikisa kichwa kukubali.

"Anasema kweli," Alois akasema. "Siku ile nilisimama nyuma ya ua wetu. Nilivua kofia. Nilimwona mpiga kengele anayumba, na mabega yangu yakaniwasha. Sikuja kwa kuwa hakuna aliyeniita." Akavuta pumzi. "Kwetu hatungoji kuitwa kwenye msiba. Nilijua hivyo, na bado nikangoja. Nisamehe, Bwana Wissing."

Wissing alikuja amejiandaa kwa ugomvi, hakujiandaa kuombwa radhi. Akaizungusha kofia yake vidoleni. Bibi Tenhagen akagonga sakafu kwa fimbo.

"Hubert. Babu yako alikuja hapa na mbuzi mmoja na kikohozi. Aliomba ujirani Jumamosi, Alhamisi akafa. Kati ya Jumamosi na Alhamisi alimbeba nani? Baba yangu ndiye aliyembeba yeye. Alisema kwa mtu mwembamba alikuwa mzito ajabu, nadhani ni ule ukaidi, maana mnao wote. Haya, kunywa."

Wissing akanywa. Alikohoa kidogo, akasema, "Ndiyo," na wengine watano wakasema ndiyo, mmoja baada ya mwingine, kuanzia mlangoni mpaka dirishani. Kisha Adelheid akatoa chini ya shali yake mkate mzima na chumvi ndani ya kikombe cha yai. Akauweka mkate juu ya blanketi, kwenye miguu ya Alois.

"Tumechelewa miaka saba," akasema. "Umeiva vizuri, lakini."

Ottilie hakuwahi kusahau namna nyumba ile ilivyobadilika toka Jumapili hiyo. Kuni zilijikata zenyewe bandani. Baadaye ndipo alipogundua kwamba zilikatwa na mtoto mkubwa wa Klemens kabla ya kwenda kazini. Adelheid alikuja kila alasiri, akamfukuza akalale, akakaa na Alois akimsomea habari za bei za nguruwe, kwa kuwa ndizo alizozifahamu. Alois, ambaye hakuwahi kufuga nguruwe zaidi ya mmoja, alizisikiliza kwa heshima zote. Wakati mwingine Ottilie aliamka akasikia watu wakicheka chumbani kwa mumewe, akabaki amelala akitazama dari, akishukuru. Hakujua hasa anamshukuru nani, kwa hiyo aliwashukuru wote, kuanzia Mungu mpaka Sista na pikipiki yake.

Na Alois hakufa. Pasaka ilikuja, ikapita. Labda ni matone; daktari alisema ni matone. Maji yalishuka miguuni, uso ukapata rangi, na Mei alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango akiwatengenezea majirani mpini wa jembe na meno ya reki. Aliona haya kweli kweli.

"Nimewakusanya wote wanibebe," akamwambia Ottilie, "na sasa nakula mayai yao."

"Omba radhi," Ottilie akasema.

Wissing alipopita na baiskeli alisimama, akamtazama kwa muda. "Krawietz," akasema, "tumedanganywa," akaenda zake. Ulikuwa utani wa kwanza watu wa Lüttenbrock kuusikia kinywani mwa Wissing, na wengine mpaka leo wanakataa kwamba ulikuwa utani.

Agosti, katikati ya mavuno, Klemens alivuka barabara asubuhi akiwa hana kofia. "Mama ametutoka," akasema. "Kwenye kiti chake. Viazi vilikuwa vimekwisha kumenywa."

Akina Krawietz walikuwa sasa jirani wa kwanza wa akina Tenhagen, kwa kuwa ndio waliokaa karibu kuliko wote. Basi tangu neno lile lilipotamkwa, wale wa nyumba ya msiba hawakupaswa kugusa kazi. Ottilie ndiye aliyemwosha Bibi, akamvika gauni jeusi na soksi alizojifumia mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo. Ndiye aliyewasha jiko, akakata mkate wa watu arobaini, akamwamuru Adelheid akae na watu wake. Alikuwa hajawahi kupewa heshima kubwa namna hiyo, naye alijua.

Lakini wabebaji walikuwa watano.

"Wataazima mpiga kengele," Ottilie akasema usiku ule wa kuamkia mazishi. "Daktari alikataza, Alois. Asinyanyue kitu. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Alisema pia sitafika Pasaka."

"Utakufa."

"Nitakufa, ndiyo, hilo halina ubishi. Lakini wa sita ni mimi, Tilla. Sina kingine cha kumpa yule bibi."

Ottilie alimtazama akipiga viatu vyake rangi, akaona kwamba akimzuia atambakiza hai na kumwondolea sababu ya kuishi. Akampigia pasi shati jeupe.

Ule mlango mkubwa ulifunguliwa. Ufunguo walikuwa wameupata ndani ya buli bovu. Kutoka hapo mpaka gari la farasi chini ya mwaloni ni hatua thelathini. Ottilie alikuwa dirishani kwa akina Tenhagen, kisu cha siagi mkononi, akihesabu kila moja. Wissing alikuwa amepanga watu yeye mwenyewe. "Krawietz akae mbele yangu," alisema, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Sasa Ottilie aliona kwa nini. Yule mtu mrefu alikuwa amenyosha mkono wake mwingine mbele, chini ya jeneza, ameubeba mzigo wake na nusu ya mzigo wa Alois, uso wake mwekundu kama kiazisukari, bila sauti. Alois alikwenda wima mbele yake, macho mbele, kama kijana wa miaka kumi na tisa. Walipofika kwenye gari Wissing aliuondoa mkono wake kabla ya mtu kugeuka.

Jioni Alois alikaa jikoni kwake bila kuvua koti. "Alikuwa mwepesi," akasema. "Nilijua atakuwa mwepesi, lakini si kiasi kile." Ottilie alijishughulisha na jiko. Alois akaongeza, "Au Wissing ni mtu mwema kuliko anavyopenda ijulikane."

Alois Krawietz alifariki mwezi wa Novemba, asubuhi ya baridi kali ya kwanza, akiwa amekaa kwenye benchi ya jikoni, kiatu kimoja kimefungwa kamba na kimoja bado. Ottilie alimfumba macho. Alikaa naye kitambo. Kisha mikono yake ikaanza kufanya ilichozoea: akabandika maji, akatoa viazi, akaanza kufuta meza, kwa sababu watu watakuja, na tangu walipotoka kwao hapakuwa na jambo lolote, liwe njaa au homa au treni, ambalo hakulipitia akiwa anafanya kazi. Kama angeacha kufanya kazi hakujua nini kingemtokea.

Adelheid aliingia bila kugonga. Alikuwa ameona mapazia hayajafunguliwa. Akamtazama Alois, akafanya ishara ya msalaba, akatoka mlangoni akawaita Klemens na Wissing waliokuwa barabarani, kisha akarudi akashika kitambaa kilichokuwa mkononi mwa Ottilie. Ottilie hakukiachia.

"Maji yanachemka," akasema. "Na ng'ombe hajakamwa, na sijui nani ataenda kwa padri, na Sista lazima—"

"Klemens yuko zizini. Wissing amechukua baiskeli."

"Viazi—"

"Ottilie." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. "Kaa chini. Leo hili si jiko lako."

Akamsogezea kiti. Ottilie akakaa, mikono mapajani, haina kitu, akatazama mwanamke mwingine akikata mkate wake kwa kisu chake. Hapo ndipo alipolia. Alimlilia Alois, na alilia pia miaka kumi na miwili ambayo hakuwa amepata mahali pa kulilia, na Adelheid hakumwambia anyamaze.

Siku ya tatu walikuja sita, viatu vimepigwa rangi, wakamwinua. Ottilie alisimama kwenda kuwafungulia mlango, akakuta umekwisha kufunguliwa. Ulikuwa mlango mwembamba, na jeneza la mtu mwenye mabega mapana. Walisimama kizingitini wakaligeuza kidogo.

"Taratibu hapo," Klemens akasema. "Kushoto kidogo. Usimgonge Alois."

"Nimemshika," Wissing akasema. "Twende, Alois."

Wakatoka naye. Ottilie aliwafuata nje kwenye ubaridi, katikati ya Adelheid na Sista. Alipowaona wale sita wakiingia barabarani kwa hatua moja, alisema kwa sauti, ili kila mtu asikie, "Asante. Asanteni," na akaendelea kusema hivyo mpaka kanisani.